Vijiko Vitatu vya Mama Nachilongo

Siku niliyokabidhi funguo za ofisi, binti aliyechukua nafasi yangu, Rehema, aliniuliza swali moja tu. Hakuuliza majani ya chai yanakaa wapi, wala bomba lipi halifungi vizuri. Aliuliza, "Mama Mwajuma, eti kabati la katibu mchawi ni lipi?"

Nikamwonyesha. Ni lile la chini kabisa, karibu na ndoo ya deki. Akarudi nyuma hatua moja. Nilitaka kumweleza pale pale, lakini kulikuwa na wageni barazani, na mie sijazoea kusema mambo ya ofisi mbele ya wageni. Nikamwambia nitamwandikia. Ndiyo haya. Yasomwe na yeye na wahudumu wenzake wanaolijua hilo jina la katibu mchawi, kwa sababu aliyelianzisha ni mimi.

Elimu yangu ni darasa la saba. Nitaandika kama nilivyokuwa nikifagia, kuanzia pembeni kuja mlangoni.

Niliingia kazini nikiwa binti, kwenye ofisi ya kata, nikitokea kwetu Kipawa kwa miguu na cheti changu ndani ya mfuko wa nailoni. Niliyemkuta jikoni ni Bi Mwantumu, mwenyeji wa mji huu tangu babu zake, mama mfupi wa kanga mbili na maneno machache. Akanitazama viatu kwanza, kisha uso.

"Unajua kupika chai?"

"Najua, shikamoo."

"Marahaba. Hujui. Unajua kuchemsha maji."

Huyo ndiye mwalimu wangu. Alinifundisha kwamba mhudumu wa ofisi hatunzi vikombe, anatunza watu wanaovinywea. Alinifundisha kufunika kila kikombe kwa kisahani tangu jikoni mpaka mezani, na kutokipitisha kikombe nyuma ya mgongo wa mtu. Alinifundisha kulaza uzi mmoja mweusi chini ya kifuniko cha chupa ya chai kabla ya kutoka jikoni. Ukirudi ukakuta uzi umehama, unamwaga chai yote na husemi kitu. "Ukisema," aliniambia, "aliyeufungua atajua kwamba unajua. Nyamaza, mwaga, pika nyingine." Na soda ya kiongozi inafunguliwa mbele yake, akiwa anaitazama. Iliyofunguliwa jikoni wape wapiga ngoma.

Nilidhani ni ushamba wa watu wa zamani. Nikafanya tu kwa sababu ndiye aliyekuwa na ufunguo wa sukari.

Halafu kata yetu ikamchagua Mama Nachilongo. Jina lake kamili ni Somoe Nachilongo, mtu wa kusini, mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha udiwani katika kata yetu na baadaye mwanamke wa kwanza kuwa mbunge wa jimbo letu. Wengi wanamkumbuka kwenye mabango akiwa na kilemba cha njano. Mie ninamkumbuka alipoingia ofisini mara ya kwanza akinuka moshi wa kuni, kwa kuwa asubuhi ile alipitia Vingunguti kuuza supu yake ya utumbo kama kawaida. Alikuwa ameiuza hapo jirani na machinjio miaka na miaka. Alijulikana kwa sababu madalali walipotaka kuwaondoa kina mama wa utumbo kwenye maji ya kuoshea, alikaa juu ya karo na sufuria lake na akakataa kuinuka mpaka watu wazima walipokuja kuongea naye kwa adabu.

Kikao chake cha kwanza cha kamati nilikuwepo, nimeshika sinia. Wanaume tisa na yeye. Mmoja wao, mzee wa suti ya kijivu, akasema huku akicheka, "Haya Mama Diwani, si utumiminie chai basi, nyumba imepata mwenyewe."

Wengine wakacheka. Mama akainuka. Akachukua chupa mikononi mwangu, akawamiminia wote tisa, mmoja mmoja, na kuwauliza sukari. Akarudi kitini.

"Chai nimemimina," akasema. "Sasa wewe mzee wangu utaandika muhtasari wa kikao. Mie mikono nimeshaitumia."

Mzee akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mbaya sana, uko kwenye faili mpaka leo.

Kisha Mama akanigeukia kwa sauti ya kusikika na wote: "Na mimi nitilie vijiko vitatu, Mwajuma. Mtu wa machinjioni haogopi utamu." Tangu siku hiyo vijiko vitatu vikawa sehemu ya jina lake. Kwenye kampeni walimtania navyo. Kwenye misiba wapishi walimwekea kikombe chake pembeni. Akifika mahali akaletewa chai ya vijiko viwili alikuwa anairudisha, watu wanacheka, na kicheko hicho kilikuwa kura.

Sasa niseme jambo ambalo halinipendezi. Diwani aliyemtangulia alikuwa mzee mmoja mtaratibu, hana baya. Sisi tuliomtaka Mama tulimwondoa kwa foleni ya kliniki. Mtu wetu mmoja alimwona amekaa foleni na kadi mkononi, na ndani ya wiki moja kata nzima ilikuwa inasema mzee anaumwa, hafiki mwisho wa kipindi, mkimpa kura mnampa maiti. Mimi mwenyewe nililisema kwenye foleni ya maji, kwa sauti ya huruma, kama vile linaniuma. Mama hakututuma. Lakini hakutukataza, na aliona jinsi lilivyofanya kazi.

Alipotaka ubunge, mambo yakawa makali. Huko wanaogombana si kata na kata, ni watu wa nyumba moja ya chama. Siku moja kwenye mkutano wa hadhara alipewa soda iliyokwisha kufunguliwa. Jua lilikuwa kali, watu wanapiga makofi, akainywa. Akaharisha siku tatu na kukosa kikao muhimu. Kila mtu akasema ametegwa. Mpaka leo mie sijui. Asubuhi ile alikuwa pia amekula chipsi mayai za stendi, na zile chipsi nazifahamu.

Lakini tangu siku hiyo nikamwelewa Bi Mwantumu, ambaye wakati huo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mama aliposhinda akaomba nihamishiwe ofisi yake ya jimbo, na mimi nikageuka mlinzi. Chupa mbili: nyekundu ya wageni, kijani ya Mama. Kikombe chake cheupe chenye mstari wa bluu hakikuoshwa na mtu mwingine. Nilionja kila chai kabla haijatoka jikoni. Kwenye misiba nilikaa naye sinia moja, na mkono wa kwanza kuingia kwenye wali ulikuwa wangu. Mtu huwezi kukataa chakula cha msiba, ni tusi, lakini hakuna anayemkataza mhudumu kuwa mlafi. Watu walisema Mama Nachilongo ana mhudumu asiye na haya. Nikafurahi. Nilijiona mimi ndiye mtu anayeaminiwa kuliko wote.

Kuliko wote isipokuwa mmoja, na hapo ndipo pananiuma.

Katibu wa ofisi, aliyetoka na Mama tangu kata, aliitwa Bwana Kanisius. Alikuwa Mngoni, Mkatoliki, mrefu, karani wa zamani mwenye mwandiko kama wa kitabuni. Alinusa ugoro kutoka kwenye kopo la dawa ya viatu, na kola zake zote zilikuwa na vumbi la kahawia. Yeye na Mama walikuwa watani, watu wa kwao na watu wa kwa Mama wana utani wao wa tangu zamani, basi alikuwa anamwambia maneno ambayo mwingine angefukuzwa.

"Mheshimiwa, leo umevaa kama pazia la bandarini."

"Na wewe umekonda kama mlingoti, nikufunge bendera?"

Alikuja na chupa yake ndogo iliyobonyea ubavuni, yenye maji ya mchaichai matupu. Chai yangu hakuitaka. Na kila siku saa nne asubuhi, nikishampelekea Mama kikombe chake, Bwana Kanisius alikuwa anaingia na faili kwapani na chupa yake mkononi, anafunga mlango. Dakika kumi. Akitoka, anafuta midomo.

Nikaanza kumtazama. Mtu asiyetaka chai yangu anafuta midomo ya nini? Na kwa nini mlango?

Wakati huo huo Mama alianza kukonda. Shingo ilitoka mifupa, vilemba vikawa vinamlegea. Alikunywa maji mengi, chupa kubwa nzima kabla ya adhuhuri, na kwenye vikao aliinuka kwenda msalani mara tatu, mara nne. Barazani watu walinong'ona kwamba anarogwa. Nilichofundishwa ni kunyamaza na kumwaga. Nikanyamaza, nikamwaga, nikapika nyingine, na Mama akazidi kukonda.

Siku moja nikiosha kikombe cha mstari wa bluu nikaona kwenye ukingo, mahali pa mdomo, vumbi la kahawia. Kidogo, kiasi cha ncha ya ukucha. Nililikwangua kwa kisu cha mkate, nikalifunga kwenye karatasi ya daftari. Kesho yake nikaona tena. Na kesho kutwa. Karatasi tatu.

Ninyi mnaosoma mmeshaelewa. Mtu mwenye vumbi la ugoro mdomoni akinywea kikombe, ugoro unabaki ukingoni. Ni jambo la kuonekana na mtoto. Lakini mie nilikuwa nimekaa miaka natafuta sumu, na mtu anayetafuta sumu haoni ugoro.

Mama alikuwa Dodoma bungeni. Nikazipeleka karatasi zangu kwa kaka yake mkubwa, Mzee Bakari, nyumbani kwake hapo hapo Kipawa. Akazifungua kwenye mwanga wa dirisha, akazinusa kwa mbali.

"Umelitoa wapi hili?"

"Kwenye kikombe cha Mama. Siku tatu mfululizo. Baada ya katibu kutoka."

"Umemwona akitia?"

Hapa ndipo ningeweza kujiokoa. Sikuwa nimemwona. Nikasema, "Mlango anaufunga, mzee."

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimesema ndiyo.

Alikuja ofisini na wazee wawili wa ukoo. Wakafungua meza ya Bwana Kanisius. Wakakuta kopo la ugoro, rozari, na bahasha ndogo ya kaki ya vidonge, tupu, haina jina.

"Dawa za nani hizi?" Mzee Bakari akauliza.

"Zangu."

"Unaumwa nini?"

Akaiokota rozari yake.

"Nakuuliza, unaumwa nini, mtani?"

"Mzee, mtani akiumwa si mnamcheka tu," akasema. Hakuna aliyecheka. Wakamwambia asirudi mpaka Mama afike.

Mama alirudi Ijumaa. Wiki iliyofuata ilikuwa wiki ya kura za maoni ndani ya chama, na wajumbe walikuwa wameanza kusikia. Wakakaa chumbani kwake, mlango wazi, mimi nimesimama pembeni kama shahidi. Mzee Bakari akaweka karatasi zangu tatu mezani. Mama akazitazama muda mrefu. Kisha akamtazama Kanisius, naye Kanisius akamtazama. Nilimwona Mama akifungua mdomo, akaufunga. Nilidhani ni uchungu wa kusalitiwa.

"Kanisius," akasema. "Kapumzike kidogo nyumbani."

"Sawa, mheshimiwa."

Hakujitetea hata neno moja. Kwangu hiyo ilikuwa ushahidi wa nne.

Wakati wa kutoka alipita jikoni. Akaweka chupa yake iliyobonyea juu ya meza yangu.

"Dada Mwajuma, hii mpe Mama. Kila siku saa nne. Mchaichai mtupu, utauchemsha mwenyewe kwa mkono wako."

"Umeshampa vya kutosha," nikamjibu. Sikuwa na adabu siku hiyo.

Akanitazama kama mtu anayepima maneno, akaondoka. Mie nikaifunga chupa ile kwenye mfuko, nikaitupa ndani ya kabati la chini na kulitia ufunguo. Nilitaka kuiteketeza lakini niliogopa moshi wake. Wahudumu wa ofisi za jirani waliponiuliza, niliwaambia kilichomo ni dawa za katibu. Ndiyo jina likazaliwa.

Mama alipita kura za maoni na akapita uchaguzi. Mimi nikaongeza ulinzi. Nilijipangia mwenyewe kwamba chai ya saa nne nitaipeleka na kusimama mlangoni mpaka aimalize, mtu asipate nafasi. Alikuwa ananiambia, "Nenda Mwajuma, una kazi." Nilikuwa namjibu, "Kazi yangu ni hii, Mama." Alikuwa anakunywa polepole, ananitazama juu ya kikombe. Nikiona kimebaki kidogo nilikuwa namwambia, "Malizia Mama, sukari imekaa chini."

Siku moja tu alijaribu. Wageni wawili walikuwa ndani, viongozi wa tawi. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwajuma, leo weka viwili."

Nikashtuka. "Mama, kuna nini? Umeonja ladha imebadilika?"

Wageni wakainua vichwa. Mmoja akasema, "Heh, mheshimiwa leo vijiko viwili? Unaumwa?"

Mama akacheka kile kicheko chake cha jukwaani. "Nani anaumwa? Nilikuwa nampima Mwajuma kama bado ananisikiliza. Weka vitatu, mwanangu. Jaza."

Nikajaza.

Hayo mengine nitayapita haraka kwa sababu siwezi kuyaandika taratibu. Alipata kidonda kwenye kidole cha mguu, akasema ni kiatu. Akavaa ndala ndani ya gauni refu, akaendelea na ziara. Kidonda kikakataa kupona. Akalazwa, wakamkata mguu, akalazwa tena. Kiti chake kilikaa wazi miezi, na kisha tukaletewa habari asubuhi moja nikiwa napanga vikombe.

Msiba ulikuwa kwake Kipawa. Mie niliingia moja kwa moja jikoni uani, ndiko ninakojua kukaa na huzuni. Nikawasha mkaa, nikateka maji ya chai. Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili nikaona vikombe vinarudi vimejaa. Sinia zima. Kanga zikawa zinanipa mgongo. Mama mmoja wa Gongo la Mboto, ambaye nimekula naye kampeni tatu, akaja akanichukulia upawa mkononi taratibu.

"Pumzika, Mwajuma. Umechoka."

"Sijachoka."

"Pumzika tu, dada. Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

Akatazama chini. "Si ndiye wewe uliyekuwa unampikia?"

Walikuwa wananifanyia kile nilichokuwa nimekifanya miaka yote, na wao walikuwa na sababu nzuri kuliko mimi. Nikakaa kwenye kigoda karibu na mapipa ya maji. Nilikuwa nalia, lakini kimya, maana hata kilio changu wangekipima.

Siku ya tatu, baada ya dua, kelele zikasikika getini. Watani wameingia. Wasiojua mila hiyo wasishangae: mtani msibani ana ruhusa ya kufanya mzaha hata kwa marehemu, na hakuna wa kumkasirikia. Mbele yao alikuwa Bwana Kanisius, amezeeka, amejifunga kilemba cha njano kichwani na kanga kiunoni, anatembea kwa mwendo wa Mama vile vile, mkono mmoja nyuma.

"Nani kakaa kitini kwangu?" akapaza sauti, sauti ya Mama kabisa. "Inuka wewe mzee, andika muhtasari!"

Watu wakaangua kicheko na kilio kwa pamoja. Mzee Bakari, aliyekuwa amekaa mkekani, akainamisha kichwa. Kanisius akampita, akapita wanaume wote, akaja mpaka uani jikoni, akasimama katikati ya wanawake.

"Nataka chai!" akasema, bado kwa sauti ya Mama. "Vijiko vitatu. Na sitaki ya huyu wala ya yule. Nataka ya Mwajuma."

Wanawake wakanigeukia. Yeye akakaa chini kwenye vumbi, mbele ya mlango wa jiko, miguu ameinyoosha. "Sitoki hapa. Kunizika mmeshanizika, lakini bila chai siendi. Chai ya Mwajuma!"

Nikainuka. Nikamimina, nikatia vijiko vitatu, nikakoroga, nikafunika kisahani. Sikuonja. Nilisahau kuonja. Akapokea kwa mikono miwili, akainywa yote mbele ya watu, akafuta midomo kwa kiganja, vumbi la kahawia likabaki ukingoni mwa kikombe. Nililiona. Na pale, na umri wangu wote, ndipo nikalielewa.

Baadaye tulikaa kwenye mapipa ya maji, mie na yeye. Alikuwa ameshavua kilemba.

"Ulikuwa unainywa wewe," nikasema.

"Miaka sita. Nikishafunga mlango, yeye anakunywa mchaichai wangu, mie namalizia vijiko vyake vitatu. Nimenenepa tumbo mpaka paroko akaniuliza kama nakunywa pombe."

"Alikuwa na sukari."

"Tangu kipindi cha pili cha udiwani. Vidonge nilikuwa nachukua mimi, duka la dawa la mbali, nikisema ni zangu."

"Kwa nini hakuniambia mimi? Mimi ndiye mpika chai!"

Alinusa ugoro kwanza. "Alisema wewe ndiye uliyelisema lile la mzee wa kliniki kwenye foleni ya maji, na ulilisema vizuri. Aliniambia, 'Mwajuma ananipenda, lakini akiogopa atasema.'"

Nikainamia pipa, nikanawa uso.

"Na siku ile mbona hukujitetea?"

"Ningesema nini, dada? Kwamba nakunywa chai ya mbunge? Wangeuliza kwa nini." Akapangusa kopo lake. "Nilingoja aseme yeye. Hakusema. Basi."

Sitamfunika Mama kwa hilo, ingawa ninamlilia kila siku. Alimwacha mtu asiye na kosa atoke na jina la mchawi, kwa sababu wiki ile kulikuwa na kura. Alifungua njia ambayo kina mama wengi wanapita leo, na kwenye njia hiyo hiyo alimwacha Kanisius. Nadhani alijua. Hata nilipokuwa namsimamia mlangoni na kumwambia amalizie, labda alikuwa anakunywa huku akijua.

Nilimuuliza mwanawe, Salma, ambaye ni muuguzi, kama mimi ndiye niliyemuua. Hakunipa jibu la kunifurahisha.

"Mama mdogo, chai peke yake haikumfikisha pale. Usijipe ukubwa huo. Baada ya katibu kuondoka hakukuwa na wa kumchukulia dawa, akawa anameza leo, wiki nzima hamezi. Hilo ndilo lililomwangusha zaidi."

"Lakini aliyemwondoa katibu ni mimi."

"Ni wewe," akasema, na akanishika mkono. Nikamuuliza kama naweza kuliandika jambo hili, maana lilikuwa siri ya mama yake. Akafikiri, akasema, "Andika. Mama hagombei tena."

Basi Rehema, na wenzako: uzi chini ya kifuniko wekeni, kisahani funikeni, soda ifunguliwe mbele ya mwenyewe. Sijasema Bi Mwantumu alikosea. Lakini ukiokota kitu ukingoni mwa kikombe, kabla ya kukifunga kwenye karatasi muulize anayenusa ugoro kama ni ugoro. Muulize usoni, yeye mwenyewe. Na mtu akikuambia punguza, punguza, usimuulize mbele ya wageni. Bwana Kanisius hakuwa mchawi. Atakayekuambia tena neno hilo, mwambie Mwajuma amelikanusha kwa mkono wake.

Lile kabati, siku ile ulipotoka kuwapokea wageni, nililifungua. Chupa ilikuwamo, imebonyea vile vile, na ndani majani ya mchaichai yamekauka kama nyasi za kiota. Nikaiosha mara tatu. Ukitazama sasa utakuta kabati tupu, weka sabuni.

Kesho yake niliipeleka Gongo la Mboto, ambako Bwana Kanisius ana kibanda cha kuandikia watu barua na maombi, meza moja na benchi. Akaipokea, akaigeuza, akaitikisa sikioni.

"Imekaa sana," akasema.

"Imekaa."

Akaniambia nikae, atachemsha. Jiko lake la mkaa liko nyuma ya kibanda, mahali ambapo mtu akikaa kwenye benchi na kugeuka kidogo anaona kila kitu: sufuria, majani, mikono. Nilikaa. Nikageuza uso upande wa barabara, nikaanza kuyahesabu maroli ya mchanga yanayopita, na sikugeuka mpaka aliponiambia, "Tayari, dada. Kunywa."